Pembe ya Jumatano

"Muulize kama yeye ni mwanamume," Inspekta Zaituni Chande alisema.

Mwalimu Agape alimgeukia kwa mshangao. Alikuwa amefundisha watoto viziwi miaka kumi na miwili, na hakuna polisi aliyewahi kumtuma aulize swali kama hilo. Hata hivyo alimtazama mwanamke aliyekaa upande wa pili wa meza, akamuuliza kwa mikono. Mwanamke aliifuata mikono ile kwa makini, akausoma uso wa mwalimu, kisha akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

"Muulize kama alizaliwa jana."

Ndiyo.

"Muulize kama alimuua Mzee Eliezeri."

Ndiyo.

Zaituni akalifunga jalada. "Kumbe ungamo letu lenyewe ndilo hili."

"Hajawahi kukaa darasani, afande," mwalimu alisema. "Lugha ya Alama ninayofundisha haijui, na alama zake mimi sizijui. Wamezitunga wenyewe huko kwao mlimani. Akiitikia, maana yake anaona unamsemesha na hataki kukuudhi. Hakuna zaidi."

"Nani anazijua alama zake?"

"Wanaoishi karibu naye. Wawili, watatu, hawazidi hapo."

Mwanamke huyo aliitwa Yudith, mkulima wa maharage, umri wake miaka arobaini hivi. Jana, Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, alikutwa amepiga magoti kando ya maiti ya Mzee Eliezeri, mgawa maji wa kitongoji cha Ndumbi, juu ya Suji. Mzee alikuwa amepasuka kisogo. Khanga ya Yudith ilikuwa na damu. Mgambo wa kitongoji aliandika kwamba mtuhumiwa alikiri kwa kichwa, kisha "akaonyesha kwa mikono jinsi alivyopambana na marehemu". Karatasi hiyo ndiyo iliyomleta mjini Same.

Mkuu wa upelelezi, ofisini kwake, alimsikiliza Zaituni hadi mwisho bila kuweka kalamu chini.

"Ungamo sawa, litupe. Na damu? Na mashahidi kumi na wanne?"

Hapo ndipo penye ugumu. Watu kumi na wanne wa Ndumbi walisema jambo moja: saa kumi na mbili na robo asubuhi walisikia pembe ya Mzee Eliezeri ikilia. Kwa hiyo saa hiyo alikuwa hai. Kuanzia hapo hadi alipokutwa amekufa, mtu pekee aliyeonekana akipanda kule juu ni Yudith.

"Kesho saa tatu anapandishwa kizimbani," mkuu alisema. "Mauaji hayana dhamana, unajua. Nataka neno lako kabla ya saa kumi leo."

Zaituni alijua. Kesi ya mauaji ingeweza kumweka mtu gerezani miaka mitatu, minne, akisubiri tu. Miaka hiyo yote Yudith angekaa katikati ya watu wasiojua hata kumuuliza kama ana kiu. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kuonyesha mbele ya bosi.

"Namrudisha kwenye eneo la tukio," alisema. "Na simfungi pingu. Ukimfunga mikono huyu, umemziba mdomo."

*

Waliacha lami Makanya, gari likaanza kupanda. Koplo Daudi aliendesha, Yudith alikaa nyuma ameshika bomba la kiti. Zaituni alizaliwa chini, Same, kwa baba muuza vitenge, na huku juu alikuja utotoni kwa harusi na misiba tu. Lakini ndiva alizijua, maana hakuna mtu wa wilaya hii asiyezijua.

Ndiva ni bwawa la udongo na mawe. Maji ya chemchemi hujikusanya humo usiku kucha, alfajiri mgawa maji huzibua mlango, yakashuka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Kila mtu ana siku yake. Mtandao wa simu huku hupanda na kushuka kama homa, lakini pembe haiishiwi chaji, kwa hiyo mpaka leo mgawa maji hupuliza pembe. Wapare hutaniwa kwamba huuza ng'ombe wapate nauli ya kesi ya kuku. Kesi ya maji hawaiuzii ng'ombe, wanaiuzia zizi zima.

"Unadhani waligombea maji?" Daudi aliuliza.

"Kila mtu anadhani hivyo. Jana ilikuwa zamu yake. Alipanda, wakagombana, akampiga jiwe. Hadithi imekaa vizuri mno."

Kwenye kona ya mwisho Yudith aligonga kioo. Daudi akasimama. Mwanamke alielekeza kidole ng'ambo ya korongo, kwenye matuta ya maharage, kisha akajigusa kifuani. Shamba lake. Zaituni alishuka, akavuka korongo kwa mawe, akachota udongo. Ulikuwa vumbi. Mfereji uliofika pale ulikuwa umepasuka nyufa, na majani ya maharage yalikuwa yamejikunja.

Alisimama akiwa na vumbi lile kiganjani. Kama ndiva ilifunguliwa jana asubuhi kwa zamu ya Yudith, maji yalikwenda wapi? Na tangu msiba uingie hakuna aliyegusa mlango wa ndiva, mashahidi wote walisema hivyo.

Aliporudi, Yudith alikuwa anaelekeza kwingine, chini ya barabara. Huko kulikuwa na matuta ya tangawizi, mabichi, yamenawiri. Zaituni alikanyaga tuta la kwanza, kiatu kikazama kwenye tope.

"La nani hili?" aliuliza kwa kuinua viganja.

Yudith aliweka vidole viwili juu ya paji la uso, akavishusha kama anayevuta ukingo wa kofia. Zaituni hakuelewa, lakini alikariri.

*

Msibani walikuwa wengi. Maiti ilikuwa imerudi asubuhi kutoka hospitali, na maziko yalipangwa saa tisa. Gari la polisi liliposimama, mazungumzo yalikatika. Kisha mtu akamwona Yudith kwenye kiti cha nyuma.

"Wamemleta! Wamemleta muuaji hapa!"

Vijana wawili waliinama na kuinuka na mawe. Daudi alishuka, akasimama mbele ya mlango wa nyuma na mikono yake miwili wazi. Yudith alitazama midomo ile yote iliyokuwa ikifunguka na kufumba, akajibanza katikati ya kiti. Hakuhitaji mkalimani kujua kinachosemwa.

Mwanamume wa miaka hamsini alipenya katikati ya watu. Alivaa koti zuri, na kabla ya kusema alivuta ukingo wa kofia yake ya pama.

Zaituni alimtazama, akaitazama kofia.

"Mimi ni Clemence, mwenyekiti wa kamati ya maji," alisema. "Afande, kwa heshima zote, hii ni busara kweli? Watu wana uchungu."

"Pole na msiba, mwenyekiti. Namhitaji mama Raheli kwa saa moja."

"Mjane? Mjane hatoki msibani kabla ya maziko. Na umtoe umpeleke wapi?"

"Ndivani. Akanitafsirie."

"Amtafsirie aliyemuua mumewe?" Clemence aliigeukia hadhira yake, na hadhira ikaguna. "Huyo ni bubu, afande. Hana cha kutafsiriwa."

Mlango wa nyumba ulifunguka. Mwanamke mfupi, mwenye khanga nyeusi kichwani, alitoka na kusimama kizingitini. Watu wakampisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole sana, mama. Nimekuja kukuomba jambo gumu, na ukikataa sitakulaumu. Kesho Yudith anapelekwa mahakamani kwa mauaji. Mpaka sasa hakuna aliyesikia upande wake, kwa sababu, nilivyoambiwa, wanaomwelewa vizuri walikuwa wawili tu, wewe na mzee. Mmoja ni marehemu."

Raheli alilitazama gari kwa muda mrefu. Yudith, kupitia kioo, aliinua mkono mmoja, akauteremsha taratibu usoni mwake kutoka machoni hadi kidevuni. Ilikuwa pole, na Raheli aliielewa.

"Mahakamani sitafaa," alisema. "Watasema mjane ana upande."

"Watasema, na watakuwa sahihi. Mahakamani nitatafuta mwingine. Leo nataka kujua tu nini kilitokea."

"Basi sikiliza. Akisema alimuua mume wangu, nitakwambia. Akisema hakumuua, nitakwambia vilevile. Sipunguzi wala siongezi."

"Shemeji Raheli," Clemence alianza, "mila zetu..."

"Clemence, maiti ni ya mume wangu. Makande yanaungua jikoni, kasimamie hayo."

*

Ndiva ilikuwa kwenye bega la mlima, maji yake yamefika nusu. Pembeni kulikuwa na kibanda cha mabati alicholala mgawa maji wakati wa kiangazi, na ndani, kwenye msumari, pembe ya tandala. Kwenye ukingo ulisimama mlingoti wa mkaratusi wenye kamba ya katani. Zaituni aliwaketisha wanawake wawili uso kwa uso juu ya jiwe. Yeye alikaa mahali pa kuiona mikono yote minne.

"Muulize alifanya nini jana tangu alipoamka."

Raheli aliuliza kwa ishara mbili fupi. Mikono ya Yudith ilianza kwenda. Ngumi ilipanda nyuma ya mkono mwingine: jua. Kidole kilisimama wima. Kiganja kilipita juu yake, kikafagia hewa. Uso wake wote ulifanya kazi, nyusi, midomo, mabega, na Zaituni aliona aibu kwamba tangu jana kituoni walikuwa wameuona uso huo umekufa.

"Jua lilitoka," Raheli alitafsiri, macho yake hayabanduki kwenye mikono. "Nilikuwa shambani, jembe tayari. Nikatazama mlingoti. Mtupu. Nikapalilia kidogo, nikatazama tena. Mtupu. Nikasema mzee amelala. Jua lilipofika kwenye mwamba nikaona hapana, leo kuna jambo. Nikapanda."

"Muulize pembe ililia mara ngapi."

Raheli aligeuka, akamtazama.

"Nimuulize kiziwi habari za pembe, afande?"

Zaituni alijiona mjinga, na alistahili. Mashahidi kumi na wanne waliulizwa walisikia nini, na yeye sasa alikuwa anamuuliza hivyohivyo mtu wa kumi na tano.

"Nisamehe. Huo mlingoti ni wa nini?"

"Wa kwake. Wengine wanaitwa kwa pembe. Jumatano, zamu ya Yudith, mzee akishapuliza pembe ili walio mferejini wapishe, anapandisha kitambaa cheupe. Yudith akikiona kule ng'ambo anainua jembe juu, hapo ndipo mzee anazibua maji. Bila jembe kuinuka hazibui."

"Kwa miaka mingapi?"

"Kumi na saba. Akiumwa alinituma mimi nije nipandishe."

"Na jana, mama, wewe pembe uliisikia?"

"Niliisikia. Nikabandika chai, nikajua anashuka."

"Kitambaa ulikiona?"

Raheli aligeuka kuutazama mlingoti. "Kitambaa si changu," alisema polepole. "Sikutazama. Huwa sitazami."

Hakuna aliyetazama. Zaituni alifungua mkoba wake, akatoa mfuko wa vielelezo, ule wa nailoni unaoonyesha ndani, uliofungwa kwa lakiri tangu jana mbele ya daktari. Vitu vilivyotoka kwenye mfuko wa koti la marehemu: kopo la ugoro, kisu kidogo, na kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, kimebanwa kwa pini.

"Usikiguse. Kitazame tu."

Raheli alikiinamia. "Nilikifua Jumanne. Jioni nilipomletea chakula nikampa, nimekikunja hivyohivyo na pini nimeibana mwenyewe, kisichafuke ugoro mfukoni." Alikuwa mwanamke mwepesi wa akili, na Zaituni aliona jambo linamwingia kidogo kidogo. "Hakukifungua."

"Hakukifungua. Pembe ililia, kitambaa hakikupanda, na maharage ya Yudith ni makavu. Mumeo angesahau?"

"Hata siku moja."

"Basi aliyepuliza pembe jana si mumeo."

Upepo ulipita juu ya maji. Yudith aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akisubiri, kama alivyozoea kusubiri watu wanaosikia wamalize mambo yao.

"Muulize alipomkuta alifanya nini," Zaituni alisema. "Aonyeshe yote."

Yudith alipiga magoti kwenye nyasi. Alibana hewa puani, kama mtu anayevuta ugoro. Raheli alisema, bila kuulizwa, kwamba hilo ndilo jina la mume wake. Kisha Yudith alikunja mkono wake wa kushoto ngumi, akaanza kuvivuta vidole vyake kwa mkono wa kulia, kimoja kimoja, kwa nguvu, uso umekunjamana. Ngumi haikufunguka. Akajaribu tena.

Hapo ndipo mgambo alipoona mapambano, Zaituni aliwaza.

Raheli hakutafsiri.

"Mama?"

"Anasema..." Akaanza upya. "Mkono wake ulikuwa umekunjwa. Nikasema nimfungue vidole, aniambie nani. Anapenda kusema hata akiumwa. Vikakataa. Vilikuwa vigumu kama vijiti. Nikapuliza pumzi, nikasugua, vikakataa. Nikampakata kichwa."

Raheli alifunika uso kwa khanga, akalia. Zaituni naye macho yalimwasha, akainuka, akaenda kusimama kwenye ukingo mpaka akatulia. Daktari alimwona marehemu jioni tu, baada ya maiti kubebwa mlima mzima, na hakuweza kutaja saa ya kifo. Lakini mtu aliyekufa baada ya kupuliza pembe saa kumi na mbili na robo hawezi kuwa amekakamaa vidole saa moja na nusu. Mzee Eliezeri alikufa usiku. Na usiku, katika watu wote wa Ndumbi, hakuna aliyekuwa na shahidi.

"Daudi," aliita. "Niletee mwenyekiti. Mwambie nahitaji msaada wa mtu anayejua taratibu za maji."

*

Clemence aliketi kwenye kitanda cha kamba ndani ya kibanda. Wanawake wawili walibaki nje, mbali. Zaituni aliweka daftari juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kabla ya yote nakuonya, mwenyekiti. Hulazimiki kusema lolote, na ukisema, naandika na huenda likatumika kama ushahidi."

"Sina la kuficha."

"Jana pembe ikilia ulikuwa wapi?"

"Njiani, nateremka. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kijiweni, napanda bodaboda kwenda Makanya kuonana na wanunuzi wa tangawizi. Dereva anaitwa Yunus, muulize."

"Nilimuuliza jana jioni kwa simu ni nani waliotoka kitongojini asubuhi. Anasema ulifika unahema."

"Mlima huu, afande. Hata wewe umehema."

"Kweli kabisa." Zaituni alitabasamu. "Basi wewe umetoka kwenye hesabu. Kuna jambo dogo tu linanitatiza. Yudith anasema jana kitambaa hakikupandishwa."

Vidole vya Clemence vilikwenda kwenye ukingo wa kofia, vikarudi magotini.

"Anasema, au Raheli anamsemea?"

"Anasema. Na akisema kweli nitalazimika kujiuliza maswali mengine. Ndiyo maana nataka mtu wa kuaminika."

"Ni mwongo. Kitambaa kilikuwepo."

"Ulikiona?"

"Nilikiona."

"Usije ukawa umezoea tu kukiona kila Jumatano, ukadhani na jana kilikuwepo."

"Afande, mimi ni mwenyekiti wa kamati hii." Sauti ilipanda. "Nilipofika kwenye kona niligeuka, nikakiona kwa macho yangu mawili. Kinapepea."

"Niandike hivyo?"

"Andika."

Aliandika, akamsomea, akamgeuzia daftari. Clemence alisaini kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kusaini mihutasari. Ndipo Zaituni alipotoa mfuko wa nailoni, akauweka juu ya sahihi ile.

"Hiki kilitoka kwenye koti la marehemu. Kimekunjwa na mkewe Jumanne jioni, na pini yake hiyo hapo haijafunguliwa. Niambie kilipepea vipi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Clemence alijaribu kuirefusha. "Labda... alikuwa na kingine."

"Alikuwa nacho kimoja. Zamu yako ya maji ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Leo Alhamisi. Siku tano za jua. Nimekanyaga tangawizi yako asubuhi, kiatu changu hiki, tazama tope. Maharage ya mwenye zamu ni vumbi. Maji yaliyotoka ndivani usiku wa kuamkia jana yalikwenda kwako, mwenyekiti, na Mzee Eliezeri aliamka akakukuta kwenye mlango wa ndiva."

Clemence alivua kofia. Bila kofia alionekana mzee zaidi.

"Nilimwomba," alisema. "Nilimwomba sana. Akasema Jumapili baada ya ibada atasimama anitaje mbele ya watu wote. Mimi, niliyewatoza wenzangu faini kwa kuiba maji." Alisugua magoti. "Nilimsukuma tu. Sikujua kuna jiwe. Aliponyamaza nikakimbia."

"Ukarudi alfajiri, ukapuliza pembe."

"Nilitaka wajue alikuwa mzima asubuhi. Halafu nikateremka kwa mguu wa haraka."

"Na ulijua nani atapanda huku kuja kumkuta?"

"Sikufikiria nani. Mtu yeyote."

"Mgambo alipoandika karatasi yake ulikuwa umesharudi. Ulimwambia mgambo aandike nini?"

Clemence aliigeuza kofia mikononi. Zaituni akauliza lile lililokuwa linamchoma tangu alipolikuta vumbi kiganjani.

"Kitambaa, mwenyekiti. Miaka kumi na saba unakiona. Kwa nini hukukipandisha?"

Clemence alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Sikukumbuka kwamba na yeye huitwa," alisema.

*

Kwenye ukingo wa ndiva simu ilishika mtandao kidogo. Mkuu wa upelelezi alisikiliza, akauliza maswali mawili, yote ya maana, kisha akasema jina la Yudith litatolewa kwenye orodha ya kesho na jina jingine litaingia. Zaituni alimwambia Raheli. Raheli alimgeukia Yudith, akaviweka vifundo vya mikono yake pamoja kama mtu aliyefungwa pingu, kisha akavitenganisha kwa nguvu. Yudith alielewa. Alikaa chini pale pale kwenye nyasi, akalia bila kujificha, kwa sauti nene ambayo hakuijua mwenyewe.

Ilikuwa saa nane na nusu. Daudi alimtoa Clemence kibandani, mikono imefungwa pingu mbele, kofia imebaki kitandani. Habari ilikuwa imeshatangulia. Chini ya njia watu walikuwa wamejipanga, na vijana wale wawili walikuwa wametupa mawe yao na hawakujua watazame wapi. Hakuna aliyezomea. Walimpisha njia tu, na kwa Clemence hilo lilikuwa baya zaidi.

Alipofika mbele ya Yudith alisimama. Daudi alimwacha.

"Nimekukosea," alimwambia. Yudith aliitazama midomo yake. Clemence alijaribu kuinua mkono aonyeshe kitu, mkono wa pili ukaja nao kwa sababu ya pingu, akaishusha yote. Hata kama ingekuwa huru hakuwa na la kusema kwa mikono. Miaka yote hiyo hakujifunza hata alama moja. Akamgeukia mjane.

"Shemeji Raheli. Nakuomba. Mwambie anisamehe."

Yudith naye alimgeukia Raheli, nyusi zimeinuka, akisubiri kuambiwa mtu huyu anasema nini. Kitongoji kizima kilisubiri. Raheli, ambaye tangu adhuhuri hakupunguza wala kuongeza, alimtazama Clemence kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akaiingiza mikono yake yote miwili ndani ya khanga.